Debe Halijui Kilichomo

Nakumbuka siku moja, mwaka ule tuliokula ugali wa mahindi ya njano kule Kilosa mpaka watoto wakaususa. Mama alichota mahindi kwenye debe la chakula, mimi nimeshika mchi. Bibi mzaa baba akapaza sauti.

“Wee mkamwana! Umechungulia?”

“Mama, si debe la kula hili?”

“Debe linajua kula? Debe linapokea tu!”

Akachota konzi, akanusa. Dawa ya wadudu! Asubuhi baba alikuwa amehamishia humo mbegu za kupanda, hakumwambia mtu. Tungezikwa nyumba nzima.

Mjukuu wangu Neema, mimi darasa sikulikalia sana, lakini juzi hapa Mikumi uliponionyesha programu yako ya kupima dawa za watoto pale zahanati, nilimsikia bibi yangu. Ulisema majina humo ndani ni vyombo. Kinachoitwa “uzito” leo unatia namba, kesho maneno, na lugha yenyewe ya kuandikia programu haina makuu, inapokea. Ukamjaribia mtoto wa kilo kumi aliyeongezeka kilo mbili. Ikasema kilo mia na mbili! Kumi ile iliingia kama maandishi, basi mashine haikujumlisha, iliunganisha tu, kama mabehewa pale stesheni ya Kimamba. Ukasema:

“Bibi, nesi anaisubiri Jumatatu. Nitarekebisha baadaye.”

Nikakujibu: “Mtoto hanywi dawa ya kipimo hicho mpaka ujue kilichomo.”

Ukanuna. Nuna, mwanangu, mdomo hauvimbi ukapasuka. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huu ukuta ni kaburi la mtoto wa mwenzio.

Sikiliza basi. Chombo kipe kazi moja. Ukitaka kutia kitu kingine, tafuta chombo kingine, kipe jina lake. Majina hayauzwi dukani. Kinachoandikwa na nesi kikague mlangoni, kama si namba kirudishe. Na kabla hujakitumia, chungulia, hata kama ulikitia wewe mwenyewe. Lugha inayokuachia uhuru imekuachia na kazi ya ulinzi, mwanangu.

Mungu akupe macho makali na mkono mtulivu, na wazazi wa Mikumi wakutaje kwa heri.

Jana ulirudi tena, eti nesi kapiga simu, eti niseme neno moja tu la kukuruhusu. Neno langu ni lile lile: Mtoto hanywi dawa ya kipimo hicho mpaka ujue kilichomo.