Siku Niliyomtunza Daktari wa Mume Wangu

Sasa naweza kucheka, lakini wallahi mwezi mzima nilikuwa napita vichochoroni kukwepa macho ya watu, kisa noti moja na hiki kiuno changu kisichosikia.

Baba Rama, mume wangu, muuza viungo pale Ngamiani, aliniaga anakwenda Amani kununua iliki. Akakaa huko weee, akarudi amekonda, iliki hata punje hana, na akahamia chumba cha wageni (eti joto). Nikafukiza udi, nikamwaga asumini kitandani, nikalala na asumini zangu peke yangu. Jamani, nilitamani hata kule kukoroma kwake kulikokuwa kukiniudhi. Mtu yuko chumba cha pili, unamsikia akikohoa, na bado unamkosa.

Siku moja simu yake ikawaka mezani: "Umeshamwambia mkeo?" Mtumaji Zuhura, na picha yake hiyo, mtandio wa zambarau, kipini puani. Niambieni, mke gani angewaza jingine?

Nikameza. Wiki hiyo hiyo nikaalikwa harusi Kigombe, taarabu ya wanawake alasiri, na nani kakaa safu ya mbele? Yeye, na mtandio ule ule! Ningetulia kitini yasingenikuta, lakini mwimbaji akaingia kwenye wimbo wa kuwasema wezi wa waume, nikatoa noti nikainuka kutunza, na badala ya kwenda kwa mwimbaji nikacheza mpaka mbele ya Zuhura, nikamnyooshea kidole, vigelegele vikanipandisha wazimu, nikambandika ile noti kwenye paji la uso.

"Mchukue! Lakini uje umchukulie mlangoni kwangu!"

Akaibandua noti, akaikunja. Akaniuliza taratibu, "Wewe ndiye mama Rama?"

"Ndiye!"

"Basi dada, nenda nyumbani ukazungumze na mumeo."

Hakuongeza neno, na watu wote wakamwona mwizi kweli.

Habari ilifika nyumbani kabla yangu. Baba Rama alikuwa kaketi chumba cha wageni, macho mekundu.

"Mama Rama, yule ni daktari wangu."

Hakwenda Amani. Alilazwa hospitali, saratani ya uume, wakamkata sehemu, naye akaona heri nimchukie kuliko nimwone alivyo. Nililia mpaka mtandio ukalowa.

Majibu ya mwisho tulikwenda kuyachukua wote wawili. "Saratani hii ina protini inayoificha," Zuhura akatueleza, "askari wa mwili wanapita karibu hawaioni. Tumeipima kwenye nyama tuliyokata. Kwako ni nyingi, na ikiwa nyingi, ugonjwa huwa mwepesi kurudi. Si lazima urudi, ila tutakuangalia kwa karibu." (Nikamtazama baba Rama, hodari wa kujificha. Akainama.)

Nikaanza kuomba radhi, hakuningoja nimalize. Zuhura akafungua droo, akatoa noti yangu. "Leo hunitunzi?"

Tangu siku hiyo taarabu ikipigwa naikalia mikono yangu.

Tulipotoka baba Rama akasimama kwa muuza maua, akaninunulia kikuba cha asumini, akakinusa yeye kwanza.

"Chumba cha wageni kina kunguni," akasema, bila kunitazama.

Kunguni, nyumbani kwangu! Siku nyingine ningemnunia wiki nzima. Siku ile nikamwambia ndiyo baba Rama, wamo, tena wengi.