Musiseme "Yetu"

Mukienda kuandikisha bunduki, musiseme "yetu."

Leo asubui nimeifikisha ile bunduki ya marehemu Papa, baba yetu, kwa biro ya serikali, kule Masisi. Sheria ya Wazungu inasema kila bunduki ikuwe na mwenyewe mumoja na karatasi yake.

Karani akauliza: "Iko ya nani?"

Nikajibu kwa heshima, vile tunasemaka kwetu hata kwa kitu cha mutu mumoja: "Iko yetu, Papa."

Akaacha kuandika. "Yenu? Wewe na nani?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Basi nikataja kaka zangu wawili wenye kukaa Mushaki. Akaandika majina yao kwa karatasi ingine. Bunduki akaibakisha.

Nyinyi mungejibu nini?

Niko njiani, narudia nyumbani. Kamiyo ya polisi imenipita sasa hivi, inaelekea Mushaki. Karani alikuwa amekaa mbele. Hakuniangalia.