Mahindi ya Asnath na Moyo Wake Mgumu

Nyie wasomaji wangu mnanichosha. Mtu akiandika hapa kwamba kaumizwa, hata hajamaliza, mshamjazia "samehe, samehe, Mungu anaona." Aliyemuumiza je? Yeye hammuulizi kitu. Haya, tulieni niwape habari za Asnath wa Vudee, kijiji cha milimani.

Mwaka sabini na nne Asnath alikuwa mjane, Mlutheri wa kila Jumapili. Shamba lake lilitegemea ndiva, lile bwawa la mfereji ambalo maji yake hufunguliwa kwa zamu. Zamu yake ilipofika, mahindi ndiyo kwanza yanatoa mbelewele, akakuta bwawa tupu. Akaufuata unyevu wa mfereji, ukaishia kwenye maharage ya Eliufoo, mzee wa kanisa. Mahindi ya Asnath yakakauka yamesimama.

Mchungaji akawaita mbele ya wazee.

"Mama Asnath, msamehe mwenzako."

"Nimsamehe nini, Mchungaji? Kasema kafanya?"

Eliufoo akakohoa. "Maji ni ya Mungu. Na siku hizi ni Ujamaa, hakuna cha mtu."

"Basi na maharage yako ni ya Ujamaa, Mzee. Kesho nakuja na kapu."

Wazee wakacheka. Mchungaji hakucheka. Asnath akazuiwa Meza ya Bwana, asipokee mkate wala divai, kwa sababu ya moyo mgumu. Eliufoo akaendelea kupitisha mfuko wa sadaka, na akifika kwenye benchi la Asnath anatabasamu kitakatifu kabisa. Wenzake wakienda kupokea, Asnath anatoka, anapanda mlima akilia. Mahindi alishayasahau. Alichotaka ni ile Meza.

Halafu baragumu la msaragambo, ile kazi ya pamoja, likapigwa, kijiji kizima kishuke kuzoa tope kwenye ndiva. Asiyefanya kazi hapati maji. Mgawa maji alikuwa Fanueli, hajabatizwa, kanisani wanamwita mpagani. Akamzuia Eliufoo ukingoni.

"Weka jembe chini. Aliyeiba zamu haingii humu mpaka aseme mbele ya aliyemwibia."

"Fanueli bwana, mimi ni mzee wa kanisa!"

"Si ndiyo vizuri? Kusema umezoea. Sema."

Eliufoo akawaangalia watu, akayafikiria maharage yake, akavua kofia. "Mama Asnath, nilifungua mimi. Nilijua ni zamu yako. Nisamehe."

"Nimekusamehe, Baba. Ingia, tope linakusubiri."

Papo hapo. Huo ndio moyo mgumu waliokuwa wanausema.

Jumapili, ili arudishwe kundini, ilibidi Asnath asimame mbele ya usharika atubu. Asnath! Eliufoo katulia benchi la mbele na mfuko wake.

"Unatubu, mama?"

"Natubu, Mchungaji. Nilichelewa kusamehe, nilikuwa nasubiri kuombwa."

Akapiga magoti, akapokea mkate. Ibada ilipoisha, yeye na Eliufoo walipanda mlima pamoja wakibishana kuhusu mbegu.

Sasa nakuomba kitu. Mpigie bibi yako, muulize ni nani alimkosea na mpaka leo hajaja kusema. Akimtaja babu, mwambie babu aje kwenye simu.