Sauti ya Omer mu Groupe ya Depo

Émilienne, ule tunaita Mama Kétsia, njo alikuwaka ku foni ya depo ya Papa Kataliko, hapa Masisi. Foni iko ile radio tulikuwa tunaongea nayo na mashofere wa kamio, zile lori zenye kupeleka maharagi Walikale. Mimi nilikuwa napima mizigo, kwa hiyo kila siku nilimusikia akiuliza: «Umekula nini?» Aliuliza makusudi. Shofere aliyewekewa bunduki ku shingo, hata akisema njia iko sawa, sauti itamusaliti. Bwana yake Omer, naye shofere wa depo, jibu lake lilikuwa moja: «Sijakula, mama. Nangojea Walikale.» Huyo hakuwa anakulaka mu njia, hata ndizi, na depo yote tulimuchekaka juu ya hiyo.

Lakini foni ilikuwa na ubaya wake: wenye bunduki wa musitu nao waliisikiliza. Siku moja shofere wetu Paul alitangaza saa ya kupita kwake. Wakamungojea, wakamutoa mu kabine, wakamukata na panga mbele ya kamio yake, kisha wakaichoma. Tulimuzika bila mikono.

Kiisha maziko, Papa Kataliko akatuita tuchague namna ingine ya kuongea. Wengine walitaka tubadilishe tu mawimbi ya foni. Émilienne njo alibishana sana: «Tufanye groupe ya WhatsApp. Watu wetu tu, hakuna mwingine wa kusikia.» Papa akakubali, ila akasema tuandike, sauti zinakula mega mingi. Wote tukasema sawa. Tulikuwa tumechoka kuzika.

Haikupita mwezi. Omer alitangulia, shofere mwenzake Sebarenzi akabakia depo na kamio ya pili, moteri inawaka, anangojea neno. Mesaji ikaingia kutoka simu ya Omer: «Njia iko sawa. Sebarenzi akuye.» Émilienne akamwambia Sebarenzi angojee kidogo, akaandika swali lake la siku zote. Jibu likakuya: «Nimekula. Akuye mbio.»

Niliona uso wake unabadilika. Omer, amekula mu njia? Ao muntu mwingine njo alishika simu, ao ni Omer mwenyewe anatukataza. Maandishi tu, utajuaje? Na sote tulielewa: kamio ikienda, Sebarenzi atakufa kama Paul. Ikibakia, watamuua Omer kwa hasira.

«Dada, niende?» Sebarenzi akauliza. «Labda watakamata mizigo tu.» Alijua kilichomupata Paul, na bado aliuliza. Mimi niliwalaani wale washenzi pamoja na matumbo yaliyowazaa, na sitaomba musamaha.

Émilienne akabonyeza fasi ya sauti. «Omer, njo mimi. Sema na kinywa yako. Umekula nini?»

Tukangojea. Sauti ikarudi, yake kabisa, lakini nzito, ya muntu aliyevunjwa meno: «Nimekula muzuri, Mama Kétsia. Nimekula mpaka nikashiba.» Nyuma yake kuna muntu alikuwa anacheka.

Émilienne akapitisha mukono ku dirisha ya kamio, akazima moteri, akachomoa ufunguo na kuutia mu kifua. Hakulia. Mimi njo nililia. Sebarenzi aliteremuka, akakaa chini mu udongo.

Wale watu waliingojea kamio mpaka jua likazama. Asubuhi wamama wenye kwenda soko walimukuta Omer pembeni ya barieri, kile kizuizi cha njia, mikono imefungwa ku mugongo, amekatwa vile walimukata Paul.

Mu matanga Papa Kataliko alikuya kukaa karibu ya Émilienne. Kwa sauti ya chini akamuuliza sasa tutumie nini, turudie foni, ao tubakie mu groupe lakini tuongee kwa sauti. «Wewe njo unajua hii kazi, mama,» alisema.

«Uchague wewe, Papa,» Émilienne akamujibu. «Mimi nilishachagua mara mbili. Sina bwana mwingine.»