Pembezoni Mwetu, Si Juu Yetu

Joto la mwisho wa kaskazi mwaka ule lilitutoa majumbani sote. Ilikuwa miaka michache baada ya mapinduzi. Nilikuwa mwalimu wa jiografia katika skuli ya wasichana, mama wa watoto watatu, na mdomo wangu haukuwa na kufuli. Tulikaa mtaa wa Malindi, mjini Unguja, nyumba yetu na ya jirani zikigawana ukuta mmoja. Jirani alikuwa mjane wa makamo, asili yake Ngazija. Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, aliyeolewa Bukini, kile kisiwa kikubwa kilicho kusini zaidi ya Ngazija, katika mji wa pwani ya magharibi, na binti huyo alikuwa na mimba yake ya kwanza. Wanangu walikula kwake zaidi kuliko walivyokula kwangu.

Redio ikatangaza kimbunga. Kilikuwa kimezuka mbali mashariki, na kilikuwa kinakuja upande wetu. Kitabu nilichofundishia kilisema vimbunga havifiki Unguja, kwa kuwa tuko karibu mno na ikweta na upepo wa huku haupati nguvu ya kujizungusha. Lakini bibi zetu walisimuliwa na bibi zao habari za upepo uliolaza mikarafuu shamba zima zima, na hao hawakukisoma kitabu changu. Niliogopa. Niliwatazama wanangu, nikazitazama boriti za dari zilizoliwa na mchwa, nikaona kitabu hakishikilii paa.

Nikamwendea jirani, maana ukumbi wake ndio uliokuwa mpana.

"Shikamoo, mama. Nnataka tukusanyike kwako, tusome Yasini, tuombe."

"Marahaba. Na hilo nalo la kuombea ruhusa?"

Alasiri ile wanawake wa mtaa walijaa. Tulipokwisha kusoma, bibi aliyekuwa akiwasomesha watoto Kurani akaomba ile dua ya mvua inapozidi, kwamba Mola aijaalie iwe pembezoni mwetu, isiwe juu yetu. Tukaitikia amin. Mimi niliitikia kwa sauti ya mtu anayegombea nafasi yake kwenye foleni ya mchele. Jirani naye aliitikia huku akigawa vikombe vya kahawa. Mwenye nyumba hawezi kunyamaza dua ikiombwa ukumbini kwake.

Siku ya pili redio ikasema kimbunga kimegeuka, kinateremka kusini. Nilipiga vigelegele jikoni peke yangu, nikabandika wali wa nazi ingawa nazi ilikuwa ya kesho. Jirani akabisha hodi, akaingia.

"Mwalimu, kikishageuka ndiyo kinakufa?"

Hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza. Lakini alikuwa ameniita mwalimu, na mimi nikiitwa hivyo hunena mpaka nikakaukwa na mate. Nikafunua sufuria.

"Tazama mvuke huu, mama. Bahari imechomwa na jua kaskazi nzima, maji ya juu yamepata moto. Upepo ukipita unauchukua mvuke wake, unapanda nao. Huko juu mvuke unapata baridi, unageuka wingu na mvua, na lile joto uliloliiba baharini unaliachia huko huko. Hewa ikipata joto inazidi kupanda, upepo mwengine unakimbilia chini kushika nafasi yake, na huo nao unachukua mvuke zaidi. Bahari ndiyo chakula chake. Kikipanda nchi kavu kinashikwa na njaa. Lakini maadamu kimo baharini, na maji ni ya moto, kinanenepa tu."

Nilisema "kinanenepa" nikicheka. Wallahi nilicheka.

"Na bahari ya huko kusini, baina ya Bukini na bara, ya moto au ya baridi?"

Jibu nilikuwa nalijua, nalifundisha kila mwaka.

"Ya moto," nikasema.

Akakaa juu ya mbuzi ya nazi, taratibu. "Basi nshafahamu. Tumekirudisha kikale kwanza."

"Mama, si dua iliyokigeuza. Ni pepo za juu huko ndizo zinazokisukuma."

"Na ulipokuja kuniomba ukumbi, pepo hizo ulikuwa huzijui?"

Wali ukashika ukoko.

Habari ililetwa na mtu aliyeshuka melini, jamaa wa mkwe wa jirani. Kimbunga kilikuwa kimekaa siku kadhaa katika mlango ule wa bahari kabla ya kupanda Bukini, na kilipanda kwa nguvu nyingi. Ukuta ulimwangukia binti. Alizikwa na mimba yake.

Kwenye hitima niliosha masufuria tangu asubuhi ili nisipate nafasi ya kumtazama mtu usoni. Akili iliniambia kwamba wanawake wa Malindi hawawezi kukigeuza kimbunga, na akili ilisema kweli. Lakini moyo haukusoma jiografia. Nilikuwa nimeomba kiende kwengine bila ya kujiuliza kwengine anakaa nani, na kilipokwenda nilipiga vigelegele. Nilikuwa na hatia, nami mpaka leo ninayo. Jirani hakunilaumu hata kwa nusu neno. Aliendelea kuwalisha wanangu, akiwachambulia samaki miba. Angenitukana ningepoa.

Kaskazi iliyofuata redio ikataja kimbunga chengine. Safari hii tulikusanyika nyumba ya pili kutoka kwetu, na jirani akaja akakaa bega kwa bega nami. Bibi yule yule akanyanyua mikono, akaomba kiwe pembezoni mwetu, kisiwe juu yetu. Wenzangu wakaitikia. Mimi niliinamisha kichwa, mdomo nimeufumba, nikahisi vidole vinanifinya paja.

"Sema amin, mwanangu," jirani akaninong'oneza. "Wewe una watoto."

Nikaitikia. Sauti yake ilikuwa juu kuliko yangu.