Mgeni wa Heshima Huongea Mwisho

Watu wa mtaa wetu wa Landless walimwita Tausi, mama yake Hassan, mlevi, na yeye tangu azaliwe hajaonja hata busaa. Nilikuwa jirani yake, tukitumia kamba moja ya nguo, kwa hivyo nasema ninachokijua. Asubuhi alikuwa mzima, akishona sare za shule huku akitutania sote. Ikifika alasiri kope zinaanguka, taya linalegea, maneno yanamtokea puani. Mwenye duka la kushona alimfukuza mbele ya wateja. Wengine walisema amerogwa, wengine wakanong'ona kuhusu ule ugonjwa uliokuwa ukimaliza watu miaka hiyo ya tisini.

Daktari mmoja Nairobi ndiye aliyeutaja ugonjwa wenyewe kwa jina, refu mpaka tukalisahau njiani. Maana yake tulishika: kinga ya mwili imegeuka, inapigana na misuli ya mwenyewe. Kuna vidonge vya kusaidia, si vya kuponya. Anayechelewa anaweza kuishiwa pumzi akafa. Tausi alilia, halafu akakasirika. Akasema yuko mwanamke mwingine mahali anayeitwa mlevi bure, na lazima aambiwe kabla maji hayajazidi unga.

Akamwendea chifu mmoja wa upande wa Ruiru, Mzee Githae, akaomba kuongea barazani. Githae alikubali, hata akatangaza makanisani. Siku yenyewe Tausi alimsihi amtangulize, maana sauti yake ni ya asubuhi.

"Hapana, Mama Hassan," chifu akasema. "Wewe ndio mgeni wa heshima, na mgeni wa heshima huongea mwisho. Nikikuweka mbele watasema nimekudharau."

Heshima gani hiyo ya kumnyima mtu sauti? Tulikaa juani mpaka alasiri. Diwani akaongea, akafuata mtu wa majosho ya ng'ombe, kisha chifu mwenyewe akafoka kuhusu pombe ya chang'aa mpaka jasho likamtoka. Ndipo akamwita Tausi. Alisimama akishikilia kidevu kwa mkono, kope zimeanguka, maneno yanajikokota. Mtu akasema siku hizi hata wa hijabu wanapiga mtungi. Uwanja mzima ukacheka. Niliwatukana, lakini nani alinisikia?

Kabla mvua ya masika haijaisha, mama mmoja wa Witeithie alibisha mlangoni kwa Tausi. Aliitwa Wangeci. Alisema binti yake Emmah alikuwa na kope za kuanguka vivyo hivyo, na mumewe alikuwa amemrudisha nyumbani akidai anakunywa. Waliposikia tangazo kanisani, wakaja barazani. Sasa Emmah alikuwa amezikwa wiki hiyo. Pumzi ilimwishia kitandani.

"Emmah aliniambia, mami, huyu anaongea kama mimi, tungoje," akasema. "Mimi nilikuwa nacheka na wengine. Nikamvuta mkono tukaenda."

Tausi alifungua kinywa amjibu. Lakini ilikuwa jioni, na hakuna neno lililotoka.