Ishirini na Saba Nukta Nane

Juzi nilirudi kijijini kwetu Ipyana. Kabla sijamsalimia mtu nilikutana na harufu ya kakao inayovundikwa, ule uchachu wa siki unaokwenda mpaka kooni, nikasimama barabarani na aibu zangu, mtu mzima mwenye mvi.

Ilinirudisha maabara, rafiki yangu, kidato cha tatu. Asubuhi hiyo nilikuwa nimeamia ndege kwenye mpunga wa bibi, nikafika shuleni nimechelewa, tope magotini. Wenzangu walikwishaanza kudondosha asidi kutoka kwenye bureti, ule mrija wa kioo wenye koki chini. Jana yake mwalimu alisema ameitengeneza asidi iwe na nguvu ya sifuri nukta moja, sawa na besi, sisi tuhakikishe tu. Basi besi ya mililita ishirini na tano ingetaka asidi mililita ishirini na tano. Nikaandika ishirini na nne nukta tisa, ishirini na tano, ishirini na tano nukta moja. Sikudondosha hata tone.

Mwenzangu wa meza, binti wa jirani yetu, alirudia mara tatu. Zote ishirini na saba nukta nane.

“Mwenzako kapata ishirini na tano. Hii umeitoa wapi?” mwalimu alifoka.

“Ndivyo nilivyosoma, mwalimu.”

Akamwita mzembe mbele ya wote, akamtoa nje. Mimi niliinamia daftari langu. Wiki ileile binti yule akahamia mkondo wa sanaa.

Baadaye mwalimu alipima mwenyewe mbele yetu. Rangi iligeuka kwenye ishirini na saba nukta nane. “Asidi ni kali ileile,” alisema taratibu, “ila chupa ya meza yenu niliizidishia maji, ndiyo maana inatakiwa nyingi zaidi. Haikukolea.” Alikwenda darasa la sanaa kumwomba radhi, lakini binti hakurudi. Kisha akaniuliza, “Wewe ulipataje?”

“Nilisoma vibaya, mwalimu.”

“Mara tatu?” Akanirudishia daftari langu.

Juzi nilimkuta yule mwenzangu wa meza uani kwake, anageuza kakao chini ya majani ya migomba.

“Ugonile,” nikamwamkia, na kabla hajanipa kigoda nikamweleza yote.

Aliendelea kugeuza. “Nilikuona. Koki ya bureti yako hukuigusa.”

“Mbona hukusema?”

“Nilikuwa nasubiri useme wewe.”

Mwalimu tulishamzika, maabara ile imebomolewa, shamba la bibi limejaa nyumba za watu. Aliyebaki wa kunisikia alikuwa yeye tu, naye nilimchelewesha miaka yote hiyo.